Safu ya Nne Ukutani

Ukifika Makindye kwenye nyumba ile yenye mlango wa bluu, chini kidogo ya barabara inayopanda kwenda kambi ya wanajeshi, utakuta ukuta wa sebule umebandikwa vikaratasi vya rangi kutoka kitasa cha mlango hadi dirishani. Usidhani ni mapambo. Ni kazi ya Aciro, na Aciro habandiki kitu ukutani bila sababu.

Aciro ni mtengenezaji wa programu za kompyuta. Majirani hawaelewi sana maana yake. Wanachojua ni kwamba hatoki asubuhi kwenda kazini na bado ana kazi, jambo ambalo Mama Jamilah wa nyumba ya pili alilitilia shaka kwa muda mrefu, mpaka alipoingia siku moja kuomba chumvi akamkuta msichana wa watu anazungumza na nyuso sita ndani ya kompyuta. Alitoka bila chumvi. Tangu siku hiyo anawaambia watu kwamba binti Ojera anafanya kazi na wazungu wadogo sana.

Wazungu wenyewe si wadogo, wala si wote wazungu. Kiongozi wa kikao, Bozena, yuko Krakow, nchini Poland. Sandesh, ambaye kazi zake na za Aciro hupakana kama mashamba ya ndugu, yuko Pune, India. Waliobaki wametawanyika kila mmoja kwake. Kwa pamoja wanatengeneza programu ya kupanga zamu za wauguzi katika hospitali za mbali: nani yuko mchana, nani anakesha, na nani anaitwa pale mgonjwa anapohitaji mikono miwili zaidi.

Mtindo wao wa kazi una taratibu zake. Kazi kubwa huikata vipande vidogo vidogo kama nyama ya mchuzi, na kila kipande hupewa kadi yake kwenye ubao ambao wote wanauona kwenye skrini. Ubao una safu nne: Bado, Inaendelea, Imekwisha, na ya nne, Imekwama. Kila baada ya wiki mbili wanamwonyesha mteja walichomaliza, wakapata maneno yake, wakaanza tena. Wiki hizo mbili wanaziita mbio, ingawa wote wamekaa vitini. Na kila siku ya kazi wana kikao kifupi kiitwacho cha kusimama, ambacho nacho hukifanya wakiwa wamekaa. Hapo kila mtu hujibu maswali matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, na je, kuna kitu kinachokukwamisha?

Maswali mawili ya kwanza Aciro aliyajibu kama mtu yeyote. La tatu alilijibu kwa neno moja, tangu siku aliyoajiriwa, na kwa sauti ileile ya kukakamaa: "Hakuna."

Sauti hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata Naguru, katika kambi ya polisi, ambako baba yake alikuwa Sajini Ojera, Mwacholi wa Kitgum mwenye mgongo ulionyooka hata akiwa amelala. Kambini kulikuwa na watoto wa makabila yote, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, Kiswahili cha polisi, kifupi, kisicho na muda wa kupatanisha maneno. Kila Jumapili asubuhi kabla ya kanisa, Sajini aliwapanga watoto wake wawili barazani, Oyet na Aciro, akapita mbele yao akitazama kucha na kola. Kisha akanguruma: "Ripoti!" Nao wakajibu kwa pamoja: "Yote sawa, afande!"

Siku moja tu Oyet alikosea. Alisema, "Afande, shida iko. Kiatu yangu imepotea."

"Shida ni ya nani?" Sajini akauliza. "Yangu ama yako?"

"Yangu, afande."

"Basi kaa nayo."

Oyet akakaa nayo. Alimaliza muhula mzima akienda shule na kiatu mguu mmoja na ndala mguu wa pili. Aciro, ambaye alikuwa mdogo lakini hakuwa mjinga, alijifunza pale pale kwamba anayeleta shida huondoka nayo. Asichokisahau pia ni kwamba jioni ile alimwona baba yake akipekua mitaro yote ya kambi kwa fimbo, na mama yao, Adoch, alipomuuliza anatafuta nini, alisema anatafuta nyoka. Hivyo ndivyo alivyokuwa Sajini. Alipenda watu wake mpaka kuingia mtaroni, lakini kulisema hilo alikuwa hawezi.

Adoch alifariki kabla mumewe hajastaafu. Mwaka jana, wakati wa mvua, kiharusi kikamwangusha Sajini mwenyewe bafuni. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na sehemu kubwa ya ulimi. Aciro alimhamishia kwake Makindye siku alipotoka hospitalini, akampa kitanda chake, yeye akahamia kwenye kochi. Kama ungemwona wakati ule ungedhani ni msichana anayetekeleza wajibu tu. Haikuwa wajibu. Alimpenda baba yake kwa namna iliyomtia woga, na kila asubuhi kabla ya kufumbua macho alisikiliza kwanza kama mzee anapumua.

Oyet sasa ni dereva wa malori ya Gulu kwenda Juba, na nyumba yake iko Kitgum, kwenye uwanja wa ukoo. Alikuja, akamtazama baba, akamtazama dada yake aliyekonda, akasema waziwazi.

"Wewe peke yako hawezi. Kule nyumbani watu iko mingi. Mimi nachukua yeye."

"Kule hakuna Nabilah," Aciro akajibu. "Hakuna mtu ya kumfanyisha mazoezi. Atalala tu, Oyet. Atalala mpaka..."

Hakumaliza. Oyet naye si mtu mbaya, ana moyo wa mama yao. Walikubaliana hivi: akirudi safari ya Juba akamkuta mzee anaweza kusimama, hata kwa kushikwa, mzee anabaki Kampala. Akimkuta bado hawezi, anaondoka naye. Wakapeana mikono juu ya mapatano hayo kama wafanyabiashara, kwa sababu walikuwa watoto wa Sajini na hawakujua namna nyingine.

Ndipo ukuta ulipobandikwa vikaratasi. Aciro alichukua mtindo wa kazini kwake akauleta sebuleni. Alichora safu nne zilezile kwa chaki ya rangi, akaandika kadi: Kushika kikombe. Kufunga kifungo. Kusimama. Na kadi moja ya kijani, Kusema Konstebo, maana Konstebo ndilo jina ambalo baba yake alimwita tangu utotoni, na tangu kiharusi hakuwahi kuliita tena. Kila asubuhi, baada ya uji wa mtama, walifanya kikao chao wawili.

"Jana ulifanya nini, afande?"

"Ki...kombe."

"Leo utafanya nini?"

"Kifu...ngo."

"Kuna kitu inakukwamisha?"

Na Sajini, huku mate yakimtoka pembeni ya mdomo na mkono wa kulia umelala pajani, aliinua kidevu akasema neno pekee ambalo kiharusi kilimwachia likiwa zima: "Sawa!"

Aciro alikuwa akicheka, akimpangusa mdomo. Kikombe kilihamia Imekwisha baada ya muda. Kifungo kilikuwa Inaendelea. Safu ya nne ilibaki tupu ukutani, kama ilivyokuwa tupu upande wa Aciro kwenye ubao wa kazini. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Taabu ilikuwa kwenye kadi ya kusimama. Nabilah, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Mnubi mchangamfu mwenye mikono ya nguvu, alikuwa akitoka kliniki jioni na kupitia Makindye saa kumi na moja kabla ya kukimbilia kwao Namuwongo awahi magharibi. Saa nyingine hakuwa nayo. Na siku ya kwanza tu alisema wazi: kumsimamisha mtu mrefu kama Sajini kunataka watu wawili, mmoja upande mzima na mmoja upande mgonjwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na saa kumi na moja kamili, kila siku ya kazi, ndiyo saa ambayo nyuso sita zilijitokeza kwenye kompyuta ya Aciro. Kikao kiliitwa cha robo saa. Kilikuwa cha robo saa kama vile mgeni anavyosema hakai. Majirani saa hiyo walikuwa njiani kutoka kazini, na Mama Jamilah ana mgongo wake mwenyewe wa kuuguza. Kwa hiyo Nabilah alimnyoosha mzee miguu, akamkunja magoti, akamfanyisha yote yanayofanyika mtu akiwa ameketi. Chumba cha pili, nyuma ya pazia, Aciro alikuwa akisema kwa Kiingereza safi kwamba hakuna kinachomkwamisha.

Mtu atauliza: si angesema tu? Si angewaambia wenzake, jamani, saa hii inanipa taabu? Ndiyo, angesema tu. Hata mimi nimekaa nikajiuliza hivyo, nikamkasirikia. Lakini mtu aliyefundishwa barazani, Jumapili baada ya Jumapili, kwamba ripoti nzuri ni ile isiyo na kitu, ukimuuliza ana shida gani humuulizi swali. Unampigia paredi.

Kwa sababu hiyohiyo alikwama kazini pia. Kadi yake ya mbio zile ilikuwa sehemu ya wauguzi kubadilishana zamu. Ili kuijaribu alihitaji ruhusa ya kuingia kwenye kompyuta ya mteja, na ruhusa haikuja. Aliandika barua pepe moja ya adabu, akasubiri. Akatafuta njia ya kuzunguka, akaandika upya, akabahatisha. Kikao baada ya kikao aliulizwa, na kikao baada ya kikao alisema hakuna. Siku ya kumwonyesha mteja, Bozena alibonyeza kitufe cha kubadilishana zamu mbele ya watu wote, na skrini ikawa nyeupe tupu.

Aciro alisubiri kufokewa. Alikuwa amekaza mgongo tayari. Bozena alimpigia peke yake baadaye, akauliza kwa upole:

"Ulijua kwamba haitafanya kazi?"

"Nilijua."

"Ruhusa ile naweza kuipata kwa simu moja, Aciro. Kwa nini hukuniambia?"

Aliomba radhi, akaahidi kuongeza bidii. Bozena akasema bidii siyo aliyoiomba. Aciro alikata simu akiwa amechanganyikiwa kuliko kama angefokewa. Kisha akafanya alichokijua: akaongeza bidii.

Siku chache baadaye Nabilah alifika akiwa na uamuzi wake. Alijua Oyet yuko njiani kurudi, alijua mapatano, na alikuwa amechoka kumfundisha kusimama mtu aliyeketi. "Leo tunajaribu, Baba Sajini," Aciro alimsikia akisema upande wa pili wa pazia. "Mimi nashika huku, wewe bonyeza chini na mkono ile nzima. Polepole. Bismillahi."

Kwenye skrini ilikuwa zamu ya Aciro. Alikuwa amesema ya jana, alikuwa anasema ya leo. Ndipo aliposikia kiti kikiburuta, Nabilah akisema "ngoja, ngoja, Baba," na kishindo kizito cha mwili kwenye sakafu.

"Na kuna kinachokukwamisha?" akauliza Bozena.

Mdomo wa Aciro ukasema, "Hakuna."

Alilisikia neno likitoka. Baba yake alikuwa chini, na yeye amesema hakuna. Alifunga kompyuta kwa nguvu iliyopasua kona yake, akavuta pazia. Sajini alikuwa amelala ubavu karibu na miguu ya kiti, kiwiko kinavuja damu kidogo, macho yameelekea ukutani. Nabilah alikuwa amepiga magoti akimshika kichwa na kulia.

"Nisamehe dada, wallahi, nilidhani ninaweza."

"Si wewe," Aciro akasema. "Si wewe, Nabilah. Ni mimi."

Walimwinua wawili. Na tazama mambo ya dunia, kumwinua kutoka sakafuni hadi kitini hakukuwa kugumu. Mikono minne ilitosha, tena ikabaki.

Oyet alipiga simu jioni hiyo kutoka Nimule, mpakani, na Aciro, ambaye hajui kumdanganya nduguye, alimwambia mzee ameanguka. Kaka yake hakumlaumu. Alisema tu kwamba Ijumaa atafika, na atakuja na godoro kwenye gari ili baba asiumie njiani. Aciro alisema sawa. Aliweka simu chini akaketi jikoni, akalia huku ameuma kanga yake ili baba asisikie.

Asubuhi alipika uji, akaupooza, akamlisha. Hakuwa na moyo wa kufanya kikao. Ni mzee aliyegonga mkono wa kiti kwa vidole vya kushoto na kuelekeza kidevu ukutani. Anataka kikao. Basi Aciro akavuta stuli.

"Jana ulifanya nini, afande?"

"Ni...lianguka."

"Leo utafanya nini?"

"Si...mama."

Aciro hakutaka kuuliza la tatu, alilijua jibu lake, na siku hiyo hakutaka kulisikia. Lakini alikuwa binti wa sajini, na paredi haikatwi katikati. "Kuna kitu inakukwamisha?"

Sajini hakuinua kidevu. Alinyoosha mkono wake wa kushoto kuelekea ukutani, polepole, mpaka ukatetemeka, na Aciro akaelewa akasogeza kiti karibu. Mzee alishika kadi ya Kusimama kwa vidole viwili. Ikang'oka, ikamdondokea pajani, akaiokota tena. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Aciro alinyoosha mkono kumsaidia, akapewa jicho la kambini, akaurudisha. Hatimaye mzee aliibandika kadi pale alipotaka, upande upande, kwenye safu ya nne.

"Imekwama," akasema. Neno zima, bila kukatika. Kisha akanyoosha vidole viwili mbele ya uso wa binti yake. "Watu... wawili."

Kuna watu watakaosema hilo ni jambo dogo. Mgonjwa anahitaji kushikwa, kasema ashikwe, basi. Hawakumjua Sajini Ojera. Mtu huyu alizika mke bila kuomba mkono wa mtu begani. Alitafuta kiatu cha mwanawe akakiita nyoka. Na sasa alikuwa anamwangalia binti yake kwa macho yaliyojaa aibu, vidole viwili hewani, akisubiri kuambiwa shida ni ya nani.

"Yetu, Baba," Aciro akasema, ingawa hakuulizwa. "Hiyo ni yetu." Akaweka kichwa chake kwenye magoti ya mzee, na mkono ule wa kushoto ukamshukia kisogoni, mzito, usiojua vizuri kubembeleza.

Jioni hiyo nyuso sita zilipotokea, Aciro aliomba aanze yeye. Alisema ya jana, akasema ya leo. Kisha akanyamaza mpaka Bozena akadhani mtandao umekatika.

"Aciro, bado uko?"

"Niko. Nimekwama."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemwambia akae nayo. Alieleza kwanza la kazi, kwamba ruhusa ya mteja haijaja mpaka leo. Bozena akaandika kitu, akasema kesho itakuwepo. Ndipo Aciro akasema la pili: kwamba baba yake anajifunza kusimama, kwamba saa ya mazoezi yake ni saa hiihii, kwamba wanahitajika watu wawili na mmoja wao yuko hapa anaongea nao. Kwamba jana, wakati anawaambia hakuna kinachomkwamisha, baba yake alikuwa ameanguka upande wa pili wa pazia.

Kisha Sandesh akakohoa.

"Nami niseme ukweli," akasema. "Hapa Pune ni usiku. Sijala chakula cha jioni na watoto wangu tangu kikao hiki kianze. Nilidhani saa hii inawafaa ninyi."

"Mimi nilidhani inawafaa nyinyi," Bozena akasema. "Mimi saa hii ninaikimbilia kutoka kumchukua mtoto. Nani aliichagua?"

Wakatafuta. Ikaonekana saa ile ilichaguliwa kwa ajili ya mwenzao mmoja wa Calgary, Kanada, ambaye kwake ilikuwa asubuhi na mapema. Bwana huyo aliacha kazi mwaka uliopita akaenda kufuga nyuki. Na kundi zima, watu wenye akili wanaolipwa kupanga saa za wengine, waliendelea kuteseka kwa ajili ya mtu aliyekuwa huko amevaa wavu usoni, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na adabu. Sandesh alianza kucheka, Bozena akafuata, na Aciro akacheka huku machozi yanatoka. Kikao kikahamia saa tisa alasiri. Haikuchukua hata dakika tano.

"Sasa ondoka," Bozena akamwambia. "Nenda ukamshike baba yako."

Nabilah alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu mlangoni. Siku hiyo mzee aliinuka nusu, akarudi chini. Siku iliyofuata aliinuka, magoti yakatetemeka, akarudi. Aciro alijifunza mahali pa kuweka bega lake, na Nabilah alijifunza kwamba mzee husikia vizuri zaidi amri kuliko maombi. Kadi ikabaki safu ya nne. Aciro hakuisogeza kwa haraka. Uongo wa ukutani alikuwa ameuacha.

Ijumaa saa kumi na moja na kitu gari la Oyet likaingia. Alifungua mlango wa bluu, akavua viatu vyote viwili, akainua macho akakuta hakuna mtu wa kumsalimia. Nabilah alikuwa upande wa kulia, Aciro upande wa kushoto, na katikati yao baba yake alikuwa njiani kwenda juu.

"Afande, juu!" Nabilah akaamuru. "Juu! Bado, bado, juu!"

Sajini akaenda juu. Magoti yakanyooka, kiuno kikafuata, na mwisho kabisa mgongo ule wa Naguru ukapata mahali pake. Alisimama. Alikuwa mrefu kuliko wote mle ndani, jambo ambalo walikuwa wamelisahau.

Oyet, baba wa watoto wanne, dereva anayeijua njia ya Juba usiku na mchana, alijikuta amebana visigino. Alitaka kusema neno la maana, ila akasema kwa mzaha asije akalia: "Afande. Ripoti?"

Mzee alimtazama mwanawe. Walimsikia akivuta pumzi na kuyatafuta maneno moja moja.

"Shida... iko," akasema. Akapumua. "Watu... iko pia."

Oyet akageuza uso ukutani, akaangalia vikaratasi kwa muda kana kwamba anavisoma. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu. "Hiyo godoro," akasema, "mimi nitalala hapo leo. Nitalala sebuleni."

Lakini Sajini alikuwa hajamaliza paredi yake. Aligeuza shingo upande wa kushoto, kwa binti yake, ambaye mikono ilikuwa ikimtetemeka chini ya uzito.

"Kosebo," akasema.

Halikuwa neno kamili. Kadi ya kijani mpaka leo iko Inaendelea, na Aciro hana haraka nayo. Lakini lilikuwa lake, na alikuwa hajaitwa hivyo tangu mvua za mwaka jana.

"Afande!"

"Ripoti."

Mdomo wake ulifunguka na lile jibu la barazani lilikuwa tayari, limepiga mstari, kola safi. Aciro alilizuia.

"Nimechoka, Baba," akasema. "Mikono yangu imechoka. Mimi mwenyewe nimechoka sana."

Hakuwahi kumwambia hivyo maishani mwake. Mzee aliyapokea maneno hayo wima, na uso wake, ule upande unaosikia na ule usiosikia, ukalegea.

"Pum...zika, Kosebo," akasema. "Oyet. Shika."

Oyet akaja mbio, akaingiza bega chini ya kwapa la baba yake, na Aciro akajitoa polepole. Mzee aliyumba kidogo, akasimama. Aciro akarudi nyuma mpaka akagusa kiti cha baba yake, akakikalia, kilikuwa bado na joto.